Kuhama na Kuhamishwa

Mwezi jana nilihama nyumba. Landilodi alikuwa ameongeza kodi, basi nikapata chumba kingine, nikakodi pikapu, nikapakia godoro, meko na masufuria. Kufika jioni nilikuwa nishapika chai. Nikampigia shosho simu kumwambia nimehama. Akacheka. "Wewe umehama," akasema. "Sisi tulihamishwa."

Shosho alikuwa msichana Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall. Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliamua kuwakusanya Wakikuyu vijijini ili wapiganaji wa Mau Mau msituni wakose chakula. Kufikia mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamesukumwa katika vijiji zaidi ya 800. Vingi vilizungushiwa handaki na seng'enge, homugadi wakilinda lango.

Anachokumbuka yeye ni moshi. Nyumba yao ilichomwa wakiwa bado njiani, eti wasije wakarudi. Mamake alikuwa na mtoto mgongoni na chungu mkononi. Kuku walibaki. Kule kijijini, miongoni mwa kazi za kwanza ilikuwa kuchimba lile handaki la kuwafungia wao wenyewe.

Nilidhani hadithi iliishia hapo. Kumbe hasara kubwa ilikuwa mbele. Watu wakiwa vijijini, na wengine vizuizini, serikali ilikuwa ikitekeleza mpango wa Swynnerton wa 1954: vipande vya mashamba viliunganishwa, vikapimwa, vikaandikishwa. Ambaye hakuwepo kusema "mpaka wangu ni mti ule" angesemewa na nani? Babake shosho alikuwa kizuizini. Aliporudi, shamba la kando ya mto lilikuwa na mwenyewe mwingine. Yeye akaonyeshwa kipande cha mawe huko juu, akaambiwa ndicho chake.

Kwa hivyo anayehama huchagua aendako, na alichoacha anakijua. Anayehamishwa huonyeshwa pa kukaa, na akigeuka nyuma anakuta alikotoka kumegawanywa.

Kabla hatujakata simu shosho aliniuliza ufunguo wa nyumba ya zamani nimemwachia nani. Nikamwambia, keateka.

"Na ukitaka kurudi?"

"Nikilipa kodi, narudi, shosho."

"Haya basi," akasema. "Hapo ni kuhama."