Mikutano Hewa: Historia Fupi ya Barua Inayokuita Profesa

Barua yenyewe huanza na sifa. Mheshimiwa Profesa, tumeisoma kazi yako bora, tungependa uje uhutubie mkutano wetu wa kimataifa huko Dubai au Bangkok. Nafasi ni chache, jibu kabla ya Ijumaa. Hata mimi niliyeacha chuo bila cheti nimewahi kuitwa Profesa hivyo. Aliyetuma hajasoma kazi ya mtu yeyote. Ana orodha ya anwani tu.

Kenya tunawajua wafanyakazi hewa, wale wanaolipwa na hawapo. Huu nao ni mkutano hewa. Wakati mwingine hoteli ipo, chai ipo, hata kadi ya kuning'iniza shingoni ipo. Wasomi ndio hakuna.

Ujanja huu una babu yake. Karne ya 19, watu Ulaya na Marekani walipokea barua kuhusu tajiri aliyefungwa jela Uhispania: tuma pesa kidogo atoke, naye atakugawia mali yake. Barua ile ilivua watu kwa tamaa ya pesa. Hii ya leo inavua kwa kitu kingine kabisa, hamu ya kutambuliwa.

Mwaka 2005, wanafunzi watatu wa MIT, Jeremy Stribling, Max Krohn na Dan Aguayo, waliamua kuupima mkutano mmoja wa Florida, WMSCI, uliokuwa maarufu kwa kurundikia wasomi barua pepe. Walitengeneza programu inayoitwa SCIgen, ambayo inaandika makala za kompyuta zisizo na maana yoyote, zikiwa na grafu na marejeo kamili. Makala moja ikakubaliwa bila kupitiwa na mtaalamu. Siri ilipofichuka, mwaliko ukafutwa. Vijana wakachangiwa nauli mtandaoni, wakaenda hadi hoteli ileile na kufanya kikao chao. Dunia ikacheka.

Lakini wakati watu wanacheka, wengine walikuwa wanapiga hesabu. Kama msemaji ndiye anayelipa ada ya kuzungumza, kumkataa ni hasara. Ubora unakuwa adui wa biashara.

Kufikia 2013 mchezo ulikuwa umenoga. Chama cha wanasayansi wa wadudu cha Marekani kilikuwa na mkutano wake wa mwaka, Entomology 2013. Kukatokea mwingine, Entomology-2013. Iangalie tena hiyo alama. Kistari kimoja! Watafiti waliokubali kuzungumza wakidhani wameitwa na chama chao waligundua kwamba wameingia kwa jirani, tena jirani anayewadai ada.

Nyuma ya kistari kile kulikuwa na OMICS, kampuni ya Hyderabad, India, iliyochapisha majarida na kuandaa mikutano kwa wingi. Oktoba 2016, Christoph Bartneck, mhadhiri nchini New Zealand, alipata mwaliko wa mkutano wa fizikia ya nyuklia uliokuwa chini ya mwavuli wao. Yeye si mtu wa nyuklia. Alianza sentensi kwa neno "atomic" au "nuclear", kisha akaacha kifaa chake cha Apple kipendekeze maneno yaliyofuata. Akajiita Iris Pear: Siri kinyumenyume, tufaha likageuzwa pea. Saa tatu tu baadaye makala ilikubaliwa. Ada ya kuhutubia ilikuwa dola 1,099, zaidi ya laki moja za Kenya wakati ule.

Mwaka huohuo serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, FTC, iliishtaki OMICS. Mojawapo ya madai ni kwamba ilitangaza mikutano kwa majina ya wanasayansi ambao hawakuwa wamekubali kushiriki. Machi 2019 jaji wa Nevada aliamuru kampuni na mwenyewe walipe dola milioni 50.1. Barua hazikukoma.

Kwa nini zikome? Wateja bado wapo. Ukiangalia vizuri, waliocheka katika hadithi hii ni watu wa MIT na New Zealand, watu ambao mwaliko feki kwao ni mzaha wa wiki moja. Hebu mweke mhadhiri wa Kenya mahali pao. Mshahara wake ulioahidiwa na makubaliano ya UASU hautoki mpaka mgomo, kama ilivyotokea tena 2024. Kupanda cheo kunahesabiwa kwa makala na mikutano. Barua ya mwaliko inaweza kumsaidia kuomba viza na ruzuku. Kwake ile laki si ya utalii, ni karo ya kupandishwa cheo.

Ndiyo maana ushauri wa kila siku, eti kagua tovuti, piga simu kwa anayetajwa kuwa msemaji mkuu, unasaidia lakini hautoshi. Fanya hivyo, tafadhali. Ila matapeli hawakuibuni njaa wanayoilisha. Chuo kikianza kuhesabu mistari kwenye CV bila kuisoma, lazima atokee mtu wa kuuza mistari. Makala ya Iris Pear ilipita kwa sababu hakuna aliyeisoma. Jiulize ni kamati ngapi za vyeo zingeisoma.