Hii Kaandika Nani?

Sisi wa magazetini tunaujua utamu wa kuona jina lako juu ya habari. Mhariri akilisahau, siku nzima imeharibika. Sasa jiulize, ndugu msomaji: makala iliyoandikwa na watu mia mbili iwekwe jina la nani?

Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham alifungua tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuhariri kurasa zake. Akaiita wiki, neno la Kihawaii lenye maana ya haraka (wala halihusiani na wiki yetu ya siku saba). Wikipedia ikafuata tarehe 15 Januari 2001, ikitumia programu ya namna hiyo iliyoitwa UseModWiki. Programu ile iliweka kumbukumbu za nani kabadilisha nini, lakini matoleo ya zamani iliyafuta baada ya muda. Kwa hiyo kazi nyingi za miezi ya mwanzo zikabaki hazina mwenyewe, mpaka Desemba 2010, pale mtaalamu wa programu wa Wikipedia, Tim Starling, alipokuta nakala za akiba za mwaka 2001 kwenye mafaili ya zamani. Miaka tisa majina yalikuwa yamelala humo!

Na hili halikuwa suala la heshima tu, lilikuwa la kisheria. Leseni ya kwanza ya Wikipedia, GFDL, ilitungwa kwa ajili ya vitabu vya maelekezo ya programu. Ilimtaka anayetoa toleo lililobadilishwa ataje angalau waandishi wakuu watano kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Watano! Katika makala iliyoguswa na mamia, mkuu ni yupi? Aliyeleta aya tatu za kwanza, au aliyekesha akihakiki tarehe? Tena leseni yenyewe ilipaswa kuambatanishwa nzima, hata kama makala ni nusu ukurasa.

Juni 2009, baada ya wachangiaji kupiga kura, Wikipedia ikahamia leseni ya Creative Commons. Tangu hapo kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala kinatosha. Anayetaka majina abofye historia.

Kwa maoni yangu kuna kitu kilipotea hapo. Kiungo hakibofyeki kwenye karatasi. Gazetini kinageuka "chanzo: Wikipedia", au mbaya zaidi, "chanzo: mtandao", kana kwamba mtandao una mikono ya kuandika. Hebu fungua historia ya makala kadhaa za Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003. Utakuta majina yaleyale yanajirudia, watu waliofanya kazi hiyo bila hata senti tano.

Desemba 2021 Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi, alipeleka mnadani Christie's cheti cha kidijitali cha hariri yake ya kwanza, maneno mawili ya kuisalimu dunia. Kikanunuliwa dola 750,000. Waliohariri baada yake wamo kwenye historia, wengine kwa majina ya bandia, wengine kwa namba ya kompyuta tu.