Jicho jipya la Babu

Najua mmezoea kusoma hapa habari za bumu kuchelewa na foleni ya kantini, ila leo nawapa historia kidogo. Sababu ni babu yangu kule kwetu Wambaa, Pemba. Katolewa mtoto wa jicho upande mmoja, na sasa jicho la pili hataki liguswe. Eti kanzu yake nyeupe imekuwa ya buluu. Akifumba jicho hili kanzu ya rangi ya chai, akifumba lile ya buluu, na maandishi ya karibu hayasomeki. "Wameniharibu," kaniambia kwenye simu. Na mtaani wanamsikiliza yeye, si daktari.

Nikazama maktaba. Vitabu vinasimulia sana sindano na visu, kidogo mno habari za mgonjwa baada ya bandeji kufunguliwa.

Kwa karne nyingi, Bara Hindi na nchi za Waarabu, tabibu alichoma jicho kwa sindano akaisukuma lenzi yenye ukungu izame ndani. Karne ya 18 Mfaransa Jacques Daviel akaanza kuitoa kabisa. Mwanga uliingia kweli, lakini jicho lisilo na lenzi halioni sawasawa. Ikabidi miwani minene kama kitako cha chupa, inayokuza vitu kwa kama robo nzima. Ngazi inaonekana karibu kuliko ilivyo, mtu anakuibukia ghafla ubavuni. Aliyepasuliwa jicho moja ndio balaa zaidi, maana picha mbili za ukubwa tofauti ubongo hauziunganishi.

Mchoraji Claude Monet alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923. Akalalamika kila kitu kimekuwa buluu, akagombana na daktari wake, na jicho la kushoto akakataa katakata. Babu huyo huyo! Baadaye alipata miwani ya rangi, akarudi kuchora mpaka alipofariki 1926.

Lenzi ya plastiki ndani ya jicho ililetwa na Harold Ridley, London, 29 Novemba 1949. Alishaona marubani wa vita waliobaki na vipande vya Perspex machoni bila jicho kuvimba. Na inasimuliwa kwamba aliyemchokoza ni mwanafunzi, aliyeuliza kwa nini lenzi ikitolewa hairudishwi nyingine (kwa hiyo tuulize tu darasani jamani). Hata hivyo mgonjwa wake wa kwanza alibaki haoni mbali bila miwani, kwani lenzi ilizidi nguvu.

Sasa kesi ya Babu. Lenzi ya uzeeni hugeuka njano polepole na kuizuia buluu, mwenyewe asijue. Kanzu haikubadilika, ila kwa miaka alikuwa akiitazama kupitia chai. Ubongo huzoea, wiki kadhaa au miezi. Ya karibu ni miwani ya kusomea tu, kwa sababu lenzi hii haijikunji kama ile ya kuzaliwa.

Nikampigia nikamweleza yote. Akauliza, "Huyo Mfaransa jicho la pili alifanya?" Nikasema hakufanya. "Basi mwenzangu huyo." Akacheka sana. Kisha akauliza kama karafuu mwaka huu zimeiva nyekundu hivi kweli, au ni jicho.

Kliniki ni wiki ijayo. Ami ndiye atakayempeleka, akikubali kupanda gari.