Ilex glabra: Kichaka Kinachoishi na Moto Katika Misitu ya Misonobari

Ilex glabra ni mmea wa kichaka wenye majani ya kijani mwaka mzima, unaoota kiasili mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, kuanzia Nova Scotia nchini Kanada hadi Florida na Louisiana nchini Marekani. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliuorodhesha mwaka 1753 kwa jina la Prinos glaber. Wakazi wa kusini mwa Marekani huuita gallberry. Barani Afrika, jenasi hiyo inawakilishwa na Ilex mitis, mti unaopatikana kandokando ya vijito katika misitu ya milimani, ikiwemo ya Tanzania na Kenya.

Mmea huu hufikia urefu wa takriban mita 3. Maua yake ni madogo na meupe, na yale ya kiume na ya kike huota kwenye vichaka tofauti. Matunda yake meusi hubaki kwenye matawi wakati wa baridi na kuliwa na ndege, ambao husambaza mbegu.

Makazi yake makuu ni nyanda za pwani zenye misonobari. Udongo wa huko ni wa kichanga wenye asidi, na mara nyingi chini yake kuna tabaka gumu linalozuia maji kupenya. Kwa sababu hiyo, ardhi hutuama maji wakati wa mvua na kukauka upesi mvua zinapokatika. Ndipo radi huwasha moto.

Majani ya kichaka hiki huwaka kwa urahisi hata yakiwa mabichi. Hata hivyo, moto huteketeza sehemu ya juu pekee. Mashina yanayotambaa chini ya ardhi hubaki hai, na baada ya muda mfupi machipukizi mapya hujitokeza, mara nyingine yakiwa mengi kuliko awali. Moto unaorudiwa mara kwa mara katika msimu wa ukuaji hupunguza akiba ya chakula ya mmea na kuudhoofisha, ilhali moto wa majira ya baridi huuacha na nguvu ya kuchipua.

Hatari huanza moto unapozuiwa kwa miaka mingi. Vichaka hurefuka, husongamana na kuwa ngazi ya kupandisha moto hadi kwenye vilele vya misonobari. Mwaka 1998, baada ya ukame mkali, mioto iliunguza takriban hekta 200,000 katika jimbo la Florida, na wakazi wote wa Wilaya ya Flagler waliamriwa kuhama. Jimbo hilo lilikuwa tayari limetunga sheria ya uchomaji wa kupangwa mwaka 1990, inayowapa kinga ya kisheria wamiliki wa ardhi wanaochoma kwa kufuata taratibu.

Uchomaji huo haulengi kukiangamiza kichaka hiki. Wafugaji wa nyuki wa Georgia na Florida hutegemea maua yake kupata asali inayothaminiwa kwa kuchelewa kuganda, na wanyamapori hujihifadhi ndani yake. Kinachotafutwa ni uwiano: kichaka kibaki kifupi, msitu ubaki wazi, na moto mdogo wa leo uepushe moto mkubwa wa kesho.