Mlima Wetu na Biashara ya Bahari

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi ya Uchagani ilikaa peke yake tangu zamani, imefunikwa na mawingu yake, hata siku ile Mzungu wa kwanza alipofika akaistaajabia theluji. Nimewasikia hata walimu wakifundisha hivyo. Lakini ingia kihambani, ndugu msomaji, ukahesabu vinavyoota humo na vinavyopikwa jikoni. Migomba asili yake ni nchi za mashariki ya mbali, kupita Bara Hindi, nayo ilifika Afrika zamani za kale. Mahindi, maharage, viazi vitamu, mihogo na tumbaku, vyote hivi asili yake ni bara la Amerika. Ulezi tunaoutia katika mbege, huo ndio mwenyeji wa Afrika. Basi, mimea haina miguu. Ililetwa na watu, kwanza kwa vyombo vya bahari, kisha kwa mabega na vichwa vya wapagazi. Na jambo lililowasafirisha watu hao, mara nyingi, lilikuwa biashara.

Kitabu hiki cha yubile kinaeleza habari za parokia na shule. Mimi nataka kueleza habari za biashara hiyo, jinsi ilivyoufikia mlima wetu, na malipo yaliyotolewa.

Wareno hawakuianzisha. Karne nyingi kabla yao majahazi yalikuwa yakishuka kwa pepo za kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kurudi kwao kwa pepo za kusi. Watu wa Kilwa walitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Mombasa na Malindi waliuza pembe za ndovu. Pembe za upande wetu wa Afrika ni laini kuchonga, kwa hiyo zilipendwa sana na Wahindi, ambao walizifanya bangili za maharusi. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili, mwaka wa 1498, aliikuta biashara iliyokwisha komaa. Hata rubani wa kumwonyesha njia ya Calicut alimpata Malindi. Wareno walitaka pilipili manga na vitu vingine vya Bara Hindi pasipo kupita mikononi mwa wachuuzi Waarabu na Waitalia. Hawakuwa na mali ya kuwapendeza wenyeji, lakini walikuwa na mizinga. Mwaka wa 1505 jemadari wao, Francisco de Almeida, aliteka Kilwa, kisha akaichoma moto Mombasa na kuipora.

Kwa habari ya ulimwengu mzima, jambo kubwa zaidi lilitukia mbali na pwani yetu. Mwaka wa 1545 Wahispania walianza kuchimba fedha katika mlima wa Potosí, huko Amerika ya kusini, na wenyeji wengi walikufa katika machimbo yale. Tangu mwaka wa 1571 merikebu zao zilikuwa zikipeleka fedha hiyo mpaka mji wa Manila, ili kununua hariri ya Wachina. Hapo ndipo bahari zote za dunia zilipofungwa katika biashara moja. Sarafu ya Hispania ikapita mkono kwa mkono hata bahari ya Hindi, ndiyo sababu wazee wa pwani walihesabu mali zao kwa reale. Na mbegu za Amerika zikasafiri pamoja na fedha, bila nauli. Watu wetu walikiita chakula kigeni kwa jina la mkono uliokileta: mahindi yatajwa kana kwamba yametoka kwa Wahindi, ilhali Wahindi wenyewe waliletewa.

Na mlima? Mwaka wa 1519 Mhispania mmoja, Martín Fernández de Enciso, alipiga chapa kitabu cha habari za nchi za dunia, na humo aliandika ya kuwa magharibi ya Mombasa uko mlima mrefu mno, ambao aliuita Olimpo wa Ethiopia. Wataalamu wengi huamini kwamba ndio Kilimanjaro. Yeye hakufika huku. Bila shaka habari hiyo ilitoka kwa mabaharia, nao waliisikia kwa watu wa pwani, na watu wa pwani waliipata kwa mtu aliyekwenda bara au aliyetoka bara. Maneno husafiri njia zile zile zinazopitwa na mizigo.

Wareno wakajenga ngome yao ya Mombasa, Fort Jesus, tangu mwaka wa 1593. Waarabu wa Omani waliizingira mwaka wa 1696 na kuitwaa mwaka wa 1698. Wareno walituachia maneno zaidi kuliko mali: meza, leso, mvinyo, na gereza, ambalo kwa asili katika lugha yao maana yake ni kanisa! Ngome ilikuwa na kanisa ndani yake, na siku za Waingereza ikawa kifungo. Yafaa walimu wawaeleze watoto jambo hilo.

Baada ya hapo safari za bara zilizidi kuongezeka, na katika karne ya 19, alipotawala Seyyid Said, zilijaa kabisa. Misafara yetu ilitoka Mombasa ikakata nyika ya Taru isiyo na maji, au ilitoka Pangani ikafuata mto. Njia hizo zilikutana karibu na Taveta. Mtu aliyetoka katika nyika ile akauona mlima wenye mifereji ya maji na ndizi tele, alikuwa amepata bandari katika nchi kavu. Wachaga waliuza chakula na pembe. Walipokea shanga zilizotengenezwa Venice, nyaya za shaba, na nguo. Nguo iliyopendwa kupita zote ilikuwa merikani, ile nyeupe ngumu iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa na wafanya biashara wa Salem. Seyyid Said aliandikiana mkataba na Marekani mwaka wa 1833. Nazo pembe, nyingine zilikwenda huko huko Marekani zikakatwa kuwa vibao vya kupigia piano. Shanga hazikuwa mchezo wa watoto, kama wengine wanavyocheka leo. Kila nchi ilikuwa na rangi yake iliyopendwa, nayo ilibadilika, na mchuuzi aliyechukua rangi iliyokwisha kuchukiza aliurudisha mzigo wake pwani.

Johannes Rebmann alipoiona theluji tarehe 11 Mei, 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, aliyeijua njia tangu zamani. Mwaka wa 1849 Rebmann alirudi na wapagazi thelathini, akitaka kwenda hata Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame alimwomba nguo na shanga siku baada ya siku hata mizigo ikaisha, na safari ikafia hapo. Wengine humwita Mamkinga mwizi. Mimi naona alimtendea mgeni kama mshika mlango wa biashara atendavyo popote duniani, kuanzia Venice hata Mombasa, ila alizidisha.

Liko neno jingine lililo zito, nalo halifai kufichwa katika siku ya shangwe. Msafara uliokuja kwa pembe ulinunua watu pia. Wamangi walipigana wao kwa wao, na mateka, hasa wanawake na watoto, walibadilishwa kwa nguo na baruti na bunduki. Bunduki zikaleta vita vingine na mateka wengine. Rindi wa Moshi, aliyekufa mwaka wa 1891, mtu mwenye akili aliyesema Kiswahili vizuri, alikuwa rafiki wa wafanya biashara wa pwani na aliwauzia mateka. Twapenda kusema, “Waarabu walituuza.” Kweli walinunua, wakapeleka, wakafaidi. Lakini aliyewakamata wale watoto usiku alikuwa jirani, mwenye lugha moja nao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa na Seyyid Barghash mwaka wa 1873, na hata baada yake watu waliendelea kuuzwa kwa siri.

Sasa nitazame kahawa, maana katika mti huo mmoja habari yote hii imo. Asili yake ni Ethiopia. Ilivuka bahari ya Sham hata Yemen, na kwa muda mrefu ulimwengu uliinunua katika bandari ya Mokha. Mwaka wa 1715 Wafaransa waliichukua wakaipanda katika kisiwa cha Bourbon, ndicho Réunion. Nani alilima mashamba yale? Watumwa, na wengi wao walitoka Bukini, Msumbiji na pwani yetu. Mwaka wa 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alipatana kwa maandishi na Sultani wa Kilwa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka. Utumwa wa Réunion ulikomeshwa mwaka wa 1848, mwaka ule ule wa safari ya Rebmann. Mwaka wa 1860 mapadre walitoka Réunion wakaja Unguja, na mwaka wa 1868 misioni ya Bagamoyo ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Nao walileta mbegu za kahawa kutoka kisiwa kile.

Kutoka pwani kahawa ikapanda mpaka Kilema, mwishoni mwa karne ile ile, ikatiwa udongoni chini ya migomba. Mti wa Afrika ulikuwa umekwenda Arabuni na visiwani, ukalimwa na Waafrika waliouzwa, kisha ukarudi Afrika kwa njia nyingine. Mwaka wa 1925 Wachaga waliolima kahawa waliunda chama chao, na mwaka wa 1933 mahali pake pakasimama K.N.C.U. Wakati huo Brazil ilikuwa ikichoma kahawa yake kwa moto kwa sababu imezidi sokoni, na bei ya mzigo ulioshuka kutoka Kilema ilikuwa ikipangwa na watu ambao hawajapata kuuona mlima.