Mbegu na Udongo wa Saratani

Mwenyeji wa Bukura, katika kaunti ya Kakamega, ambako tangu enzi ya ukoloni vijana hufunzwa kilimo, hana haja ya kuelezwa kwamba mbegu haihukumiwi peke yake. Kwani mahindi ya gunia moja, yakipandwa huku penye samadi na kule palipojaa kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linyonyalo riziki ya mahindi kwenye mizizi, hutoa mavuno mawili yasiyofanana. Mfano huo huo ndio alioutumia tabibu Stephen Paget wa London mwaka 1889, alipokwisha kuzipitia habari za wagonjwa 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona ya kuwa maradhi hayo huliandama ini mno kuliko wengu: saratani ni mbegu, nayo huota katika udongo uikubalio.

Baadaye macho yalielekea kwenye mbegu. Katika miaka ya 1920 Otto Warburg, huko Berlin, alidhihirisha kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa na kuigeuza asidi ya laktiki, hata penye oksijeni tele, akaamini kuwa ila imo ndani ya seli yenyewe.

Ilhali ushahidi wa udongo ulikuwa jirani yetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyehudumu Kampala, alichapisha habari za uvimbe wa mataya ya watoto, maradhi ambayo hata magharibi ya Kenya yanajulikana sana. Waliokitazama kipande cha uvimbe ule kwa hadubini waliona seli za saratani zimesongamana kama giza la usiku, na kati yake makrofaji, walinzi wa mwili, wametawanyika kama nyota, wakimeza seli zilizokufa. Zamani nyota zile zilikuwa alama tu ya kuutambulia ugonjwa. Leo yafahamika ya kuwa walinzi hao, wakiisha kuzimeza zilizokufa, huweza kuzistawisha zilizo hai.

Na si hao tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walionyesha kwamba seli za mafuta ya tumboni huipa saratani ya ovari mafuta yake iyachome. Na mwaka 2016 ikabainika ya kuwa katika kongosho, seli za usaidizi, zikichochewa na saratani, hujila zenyewe kwa ndani zikatoa asidi-amino iitwayo alanini, ambayo saratani huitumia ikapunguza haja yake ya sukari. Hapa, nakiri, mfano wa kayongo umefika mwisho wake: kayongo hunyang'anya, bali katika kongosho jirani hujichinja kwa mkono wake mwenyewe, akamwandalia adui chakula.