Uhuru Angani: Jina la Kiswahili katika Historia ya Falaki ya Eksirei

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba satelaiti ya Marekani. Satelaiti hiyo ilikwisha kuandikishwa kwa jina la SAS-A, lakini msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend wa NASA, aliiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Makala hii inadai kwamba neno hilo liliingia katika historia ya sayansi huku lugha iliyolizaa ikiachwa mlangoni.

Malindi haikuchaguliwa kwa bahati. Angahewa hufyonza eksirei, hivyo anayetaka kuzipima hana budi kupeleka vyombo vyake juu. Tangu 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walitegemea roketi zilizowapa dakika chache tu za uchunguzi. Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi hiyo pekee. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi, na njia ya satelaiti huepuka sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwake yalikuwamo makundi ya galaksi ya Virgo, Coma na Perseus, ambamo eksirei hazikutoka katika nukta moja bali katika eneo pana. Fasiri moja ilikuwa kwamba nafasi iliyo kati ya galaksi imejaa gesi nyembamba yenye joto la mamilioni ya digrii. Nyingine ilizihusisha eksirei hizo na chembe ziendazo kwa kasi kubwa. Mwaka 1976 Ariel 5, satelaiti ya Uingereza iliyorushwa kutoka jukwaa lilelile mwaka 1974, ilitoa ushahidi wa kuamua: alama ya chuma katika eksirei za Perseus. Gesi ilikuwa ya moto kweli na, kwa kuwa chuma hutengenezwa na nyota, sehemu yake ilikwisha kupitia ndani ya nyota. Leo inajulikana kuwa katika makundi makubwa uzito wa gesi hiyo huzidi ule wa nyota zote.

Kiswahili hakikuwa kigeni wa anga. Kilimia, Zuhura na Mushtari ni majina ya zamani. Hata hivyo, mwandishi wa leo anayetaka kuieleza gesi hii husita: utegili au plazma? Eksirei au mionzi ya X? Upungufu hapa ni wa makubaliano, si wa maneno. Mwanafunzi anayekutana na kitu kimoja kwa majina mawili hudhani ni vitu viwili.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kigali ndiyo makao ya Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki. Kamisheni ya Kiswahili iko Zanzibar. Tunapendekeza kamisheni hizi mbili ziunde jopo moja la istilahi, lenye wanafizikia na wanaisimu kwa idadi sawa, lianze na falaki, na maamuzi yake yafike kwa waandishi wa vitabu vya shule. Bila hivyo, mtoto wa Malindi atajifunza kwa lugha nyingine habari za ugunduzi ulioanzia ufukweni kwao.